Adapta ya Kamera

Wa kulaumiwa alikuwa Kananu mwenyewe. Hakuna aliyemshikia fimbo aombe uhamisho. Aliuomba kwa hiari yake, wiki ya pili tu tangu aletwe kufundisha fizikia Garissa, siku ambayo joto lilimlaza sakafuni juu ya leso iliyoloweshwa maji huku akimlilia mama yake kama mtoto wa chekechea. Aliomba arudishwe Meru, kisha akazoea, akasahau. Wakubwa hawakusahau. Miaka miwili baadaye, moyo wake ukiwa umeshajipatia makazi mengine kabisa, jibu likaingia kwenye simu: ombi limekubaliwa, aripoti shule mpya Jumatatu.

Leo ilikuwa Alhamisi. Basi lake lilikuwa la kesho alfajiri, masanduku yalikwisha kufungwa, na mjini kulibaki kitu chake kimoja tu, nacho ni ubao wa pedali zake za gitaa, vile vifaa vya kubadili sauti, uliokuwa dukani kwa Hanad, fundi wa simu. Kulibaki na Hanad mwenyewe, ukitaka ukweli wote, lakini huyo hakuwa wake na hakuwa wa kufungwa kwenye sanduku.

"Karibu, Mwalimu," Hanad alisema bila kuinua kichwa. Nyayo zake alizijua.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Hanad, umesema bado kidogo tangu Ramadhani."

"Na ni kweli. Imebaki kidogo ile ile."

Kananu alitaka kucheka, akashindwa. Akaegemeza mezani gitaa alilokuja nalo, akavuta stuli yake, ile ya upande wa wateja, akaketi. Duka lilikuwa dogo, limesheheni simu zilizofumuliwa, paneli za sola na kamera za ulinzi zinazoning'inia kwenye nyaya zao. Mlango ulikuwa wazi. Hanad hakuwahi kuuegesha hata siku za vumbi, ili kila mpita njia ajionee kwamba mwalimu ameketi huku, fundi ameketi kule, na meza iko katikati.

Juu ya meza hiyo ndipo ubao ulipokuwa. Haukuzidi sinia ya chai kwa ukubwa. Katikati kilikaa kile kiboksi cha kidijitali ambacho Kananu alikinunua kwa kujinyima, chenye kuiga amplifaya za kila aina bila kutoa hata mnong'ono nje ya hedifoni. Bila kiboksi hicho asingepiga gitaa Garissa. Chumba alichopanga kilipakana ukuta kwa ukuta na duksi, watoto wakisoma Kurani asubuhi na jioni, na mwenye nyumba alimwambia kwa upole kwamba gitaa lake ni zuri, ila lisisikike. Basi likawa halisikiki. Pembeni ya kiboksi Hanad alipanga pedali ya kuikwaruza sauti na nyingine ya kupimia nyuzi, akaziunganisha kwa nyaya alizozilehemu mwenyewe, fupi kama vidole. Fremu yote aliikata kutoka paneli ya sola iliyopasuka.

"Nataka kitu nitakachobeba mwenyewe," ndivyo Kananu alivyomwagiza mwanzoni. Ubao wake wa zamani, wa mbao, kazi ya seremala wa kanisa lao kule Meru, ulihitaji watu wawili kuunyanyua kama jeneza. Hanad alilichukua neno lile kama amri. Alitoboa fremu matundu, akaupima uzito kwa kiganja, akatoboa mengine. Kila Kananu alipokuja aliukuta umepungua.

Na yote hayo yalianza na moshi. Siku ya kwanza kabisa Kananu alimletea pedali moja ndogo aiangalie, naye Hanad, bila wasiwasi wowote, akaichomeka adapta ya kamera. Tundu lilikuwa lile lile, angekuwaje na wasiwasi? Hakujua kwamba vifaa vya gitaa ni vikaidi, vimeumbwa kinyume na kila kitu kilichomo dukani mwake. Kamera zake, ruta zake, taa zake, zote zinataka chanya ndani na hasi nje. Pedali inataka hasi ndani. Pedali ile ilifuka moshi mbele ya mwenyewe, ikafa.

"Wallahi nitakulipia," Hanad alisema siku ile, mikono kichwani, uso umemwiva kwa aibu. "Nitakutafutia nyingine, na nitakutengenezea ubao wa kuiweka."

Akaandika ukutani kwa wino mzito HASI NDANI, na chini yake akapigilia msumari. Kwenye msumari akatundika adapta moja aliyoigeuza nyaya kwa mkono wake na kuifunga utepe mwekundu. Tangu hapo hajakosea tena.

Alichokosea ni kutengeneza ule waya wa vichwa viwili, wa kuigawa sauti kwa hedifoni mbili, ili Kananu akijaribu pedali naye asikie. Waya ulikuwa mrefu, wa heshima, kila mtu akabaki upande wake wa meza. Lakini wapita njia walianza kuona watu wawili waliovaa hedifoni, kimya kabisa, halafu ghafla wote wawili wanatabasamu kwa pamoja. Mama yake Hanad naye ni mpita njia, tena mwenye macho makali.

Adhana ya alasiri ikaanza.

"Nilindie duka," Hanad alisema akifuta mikono. "Nikirudi namalizia."

"Kweli leo?"

Alimtazama. Macho yake yalikuwa na tabia ya kukaa kwa mtu muda kidogo zaidi ya ilivyo lazima, kisha kuondoka haraka kama yamepigwa kofi. "Kesho unaondoka, Mwalimu. Nitakuwa na kisingizio gani tena?" Akatoka.

Hakuwa amefika mbali mama yake alipoingia na chupa ya chai. Fatumo alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa mwendo, aliyeishi na wanawe nyuma ya duka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikigeuka b na v ikigeuka f njiani, lakini hakikuwahi kumpotea msikilizaji.

"Nabad, mwalimu."

"Nabad, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kunywa chai kwanza. Joto ya leo si ya mchezo."

Akammiminia chai ya maziwa ya ngamia, tamu, yenye iliki nyingi. Akangoja anywe. Alipoona kikombe kimefika nusu, akajivuta karibu.

"Hooyo," akasema.

Kananu nusura apaliwe. Neno hilo alilijua. Hanad alimweleza zamani kwamba kwao mama humwita mwanawe kwa jina lile lile ambalo mwana humwitia mama. Kwa muda mrefu Kananu alikuwa amelitamani kimoyomoyo neno hilo kutoka kwa mwanamke huyu, na sasa lilipokuja lilimtia hofu.

"Mimi si mtu mbaya," Fatumo alisema.

"Najua, mama."

"Baba yake Hanad alibokufa, huyu alikuwa mtoto. Adeer yake, ndugu ya baba yake, anaitwa Jelle. Yeye alitubeba sisi wote mbaka Rhamu. Alitulisha, alitufisha nguo, alimsomesha huyu. Hakuna siku alisema, Fatumo, nibe kitu. Hata siku moja. Sasa ameomba kitu moja tu. Anataka Hanad aoe Saynab, binti yake."

Kananu aliweka kikombe chini taratibu. Jina la Saynab alilisikia kwa mara ya kwanza, lakini kwamba kuna msichana mahali fulani, hilo alilijua siku nyingi, kama mtu anavyojua mvua iko njiani.

"Hanad amekubali?"

Fatumo alitengeneza shuka lake begani. "Hanad hajakataa."

"Mama, Hanad aliwahi kuniambia dini yenu inaruhusu. Hata kama mwanamke ni Mkristo."

"Dini inaruhusu. Mimi najua. Si dini nakuambia." Sauti yake haikupanda. "Nitamwambia Jelle nini? Na baba yako wewe, atasema nini?"

Baba yake Kananu alikuwa mzee wa kanisa, na juzi tu alikuwa amempigia simu kwa furaha: rudi, binti yangu, rudi kabla hujatupotea. Wazazi wawili ambao hawajawahi kuonana, hawasemi lugha moja, hawaswali pamoja, walikuwa wamekubaliana neno kwa neno. Angeanzia wapi kuwatenganisha?

Fatumo alinyoosha kidole kwenye ubao. "Mtoto yangu anatengeneza simu unaona chai haijaboa. Hii kitu ndogo, mwaka mzima haiishi? Mimi si mjinga, hooyo. Ikibaki kwa duka, wewe utarudi kuchukua. Ukirudi, yeye atangoja urudi tena. Wiki ijayo Saynab anakuja. Ataingia nyumba ya mtu anangoja mwingine. Yeye amekosa nini?"

Laiti angemtukana! Kananu angepata pa kushika. Angejibu, angelia kwa hasira, angekwenda zake akijiambia kwamba ameonewa. Lakini mwanamke huyu alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye hina iliyofifia, akamtazama kama mtu anayeomba maji.

"Nakuomba. Leo iishe."

"Itaisha, mama."

"Niahidi."

"Nimeahidi," Kananu alisema, na machozi yakamwangukia kwenye chai.

Hanad aliporudi alimkuta mama yake akitoka. Wakapishana mlangoni. Akaingia nyuma ya meza, akatazama chupa ya chai, akatazama macho ya Kananu.

"Amekuambia nini?"

"Amenipa chai."

"Kananu."

Hajawahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa Mwalimu. Jina lake lilisikika geni mdomoni mwake, limetamkwa kwa uangalifu, na Kananu akatamani alirudie.

"Amesema leo iishe. Amenieleza habari za Saynab."

Hanad aliinama, akawasha chuma cha kulehemu, akakaa akikitazama kipate moto. "Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Lini? Nikiwa Meru?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Basi tafuta mengine. Mwambie adeer yako hapana."

"Nilienda kumwambia."

Kananu akashtuka. "Ulienda?"

"Ile safari ya mwezi uliopita, niliyokudanganya naenda kufunga sola. Nilienda Rhamu kwa ajili yako. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno kama mtoto wa shule anayengoja mtihani." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nimefika, mzee amenichinjia mbuzi. Akanikalisha karibu naye. Akaniambia nimefanana sana na ndugu yake, kwamba akiniona anamuona yeye. Akalia, Kananu. Mzee mzima. Ningemwambia nini? Nikala ile nyama, nikarudi."

Kananu angempenda mtu wa namna gani, kama si huyu asiyeweza kumvunja moyo mzee? Na huyo huyo ndiye aliyekuwa akiuvunja wa kwake.

"Niambie nibaki," alisema kwa sauti ya chini. "Sema tu. Nitabaki."

"Utabaki wapi? Kazi yako imehamia Meru. Utakaa kwa nani hapa, na watu watakuitaje?"

"Sijali watu."

"Unajali. Ungekuwa hujali, ungekuwa umemwambia baba yako. Umemwambia?"

Hakuwa amemwambia. Aligeuza uso kuelekea barabarani, ambako mbuzi walikuwa wakigombania katoni, akawaonea wivu.

Hanad alilehemu waya wa mwisho. Moshi mwembamba ulipanda kati yao, wenye harufu ile aliyoizoea Kananu mpaka ikawa inamnukia kwenye nguo zake hata shuleni. Fundi alifanya kazi polepole, lakini hata polepole ina mwisho. Alikata ncha iliyozidi. Alipima kila kiungo kwa mita ya umeme. Alibandika pedali ya mwisho kwenye velkro, akaikandamiza kwa kidole gumba, akapuliza vumbi. Kilichobaki kilikuwa kuwasha.

Akainua mkono kuelekea ukutani, kwenye msumari wenye adapta ya utepe mwekundu.

Mkono ukaupita msumari. Ukashuka hadi kwenye boksi la chini, ukachukua adapta nyingine, nyeusi, isiyo na utepe. Adapta ya kamera.

Kananu aliiona. Alikuwa mwalimu wa fizikia, kwa jina la Mungu. Maneno mawili yalikuwa yameandikwa ukutani mbele ya macho yake kwa herufi kubwa kuliko zote dukani. Alijua kitakachotokea: moshi, harufu, kiboksi kufa. Alijua pia kitakachofuata. Kiboksi kilichokufa hakipelekwi Meru. Kitabaki hapa kitafutiwe vipuri Nairobi, vichelewe, na likizo ikifika mwenye kiboksi atalazimika kuja kukiulizia. Atakaa kwenye stuli hii. Ataambiwa bado kidogo.

Alikuwa ameahidi. Chai ya yule mama ilikuwa bado vuguvugu kwenye kikombe.

Akafunga mdomo.

Hanad alichomeka upande mmoja ukutani. Taa ndogo ya adapta ikawaka. Akashika ncha nyingine, akaisogeza hadi kwenye tundu la ubao, ikabaki imeligusa ukingo. Akabaki hivyo, haingizi, hatoi.

"Mwalimu," akasema bila kumtazama. "Mbona husemi?"

"Niseme nini?"

"Kwamba hii itaunguza."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mimi pia nilijua," alisema, na hapo machozi yakamtoka bila breki. "Nimeiona ulipoichukua. Nilikuwa nakuombea uichomeke."

Wakatazamana. Miaka miwili hawakuwahi kuambiana kwamba wanapendana. Mlango ulikuwa wazi mno, meza pana mno. Sasa yalikuwa yamesemwa yote.

"Nikiiunguza utarudi?" Hanad aliuliza.

"Nitarudi."

"Na nikiitengeneza?"

"Uiunguze tena."

Alitabasamu, na tabasamu lenyewe likamkata Kananu maini, kwa sababu aliona nyuma yake mtu ameshaamua. Hanad aliondoa ncha ya adapta kwenye tundu, akaiweka mezani kwa upole.

"Ile ya kwanza niliiunguza kwa kutojua," alisema. "Hii nikiiunguza ninajua. Utaondoka kesho ukiwa huna kitu, si gitaa, si mimi. Angalau gitaa nisikunyang'anye."

"Sitaki gitaa."

"Unalitaka. Nimekusikia ukilipiga. Hakuna mwingine mji huu aliyekusikia ila mimi."

Akanyoosha mkono hadi kwenye msumari, akaishusha adapta yenye utepe mwekundu, akaichomeka. Kiboksi kikawaka taa ya kijani, safi, bila mvumo wala mkwaruzo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na Kananu alilichukia kila tone la risasi ya kulehemu lililokuwa humo.

"Jaribu," Hanad alisema, akimsogezea gitaa na hedifoni. Zake akazivaa.

Kananu alipiga ule wimbo wa mluzi. Ulikuwa mluzi wa marehemu baba yake Hanad, aliokuwa akiwaitia ngamia kisimani. Hanad aliupiga siku moja bila kujijua akiwa kazini, na Kananu akaudaka kwenye nyuzi. Kwa wapita njia haukuwepo. Ulisikika kwa watu wawili tu duniani. Alifika nusu, vidole vikakataa.

"Inafanya kazi," akasema.

"Inafanya kazi."

Hanad akazima. Alikunja nyaya moja moja, pamoja na ule wa vichwa viwili, akazipanga ndani ya begi, akaulaza ubao juu yake, akavuta zipu. Mama yake alikuwa amerudi kuchukua chupa ya chai. Alisimama kizingitini.

"Imeisha?" Fatumo aliuliza.

"Imeisha, mama," Kananu alijibu.

"Allah akufikishe salama, hooyo." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyefurahi humo ndani.

Ndipo Hanad alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizunguka meza, akaja upande wa wateja.

"Ngoja nikubebee," alisema. "Mpaka nyumbani tu. Mama, si ni mzigo? Hatutamwacha mgeni abebe mzigo peke yake."

Fatumo hakukataa. Hata yeye alikuwa radhi awaachie hiyo njia moja. Hanad akashika mkanda wa begi, akalinyanyua, nalo likapanda juu mara moja kama halina kitu. Lilining'inia kwenye vidole vyake viwili. Wote watatu wakalitazama.

Alikuwa ameutoboa ule ubao mwaka mzima. Alikuwa ameukata, akaupunguza, akaupima kwa kiganja chake, mpaka ukawa kile hasa alichoagizwa, kitu ambacho Kananu angekibeba mwenyewe.

"Ni jepesi," Kananu alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Nitaweza."

Hanad alibaki amelishika kidogo. Kisha akampa.

Kananu alilitundika begi bega moja, gitaa bega lingine, akavuka barabara katikati ya mbuzi bila kugeuka. Alitembea hadi kwake peke yake, na njia nzima hakuhitaji kupumzika hata mara moja.